Kodi ya Chumba cha Bure

Kiwanjani, Isiolo

Darmi mwanangu,

Utakapoifungua barua hii utakuwa umeshaonyesha kibali chako kwenye kizuizi cha askari, na lori la baba yako mdogo Guyo litakuwa linapanda kuelekea Nanyuki, pale baridi inapoanza kushika masikio. Ndiyo sababu nimeiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti. Nakujua, hutavaa koti mpaka ushindwe.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala nani wa kumsalimia na nani wa kumpita. Hayo umeyasikia tangu ujue kutambaa, na yale ambayo hayajaingia hayataingia leo. Nilikusudia kuandika jambo kubwa. Mimi ni mwalimu, wino ninao, na nilidhani nikikaa peke yangu maneno mazito yatakuja yenyewe. Nimeanza mara kadhaa. Kila nikianza na moyo, najikuta nimefika kwenye kodi ya nyumba. Basi nimekubali. Nitakuandikia juu ya kodi ya nyumba, kwa sababu katika maisha yangu mambo ya moyo yamekuwa yakipitia mlango huo huo.

Jambo lenyewe ni hili. Mkifika Nairobi, Baba Guyo atataka kukupeleka kwake Eastleigh ukae bure mpaka umalize mafunzo yako ya simu. Mimi nimekutafutia chumba cha kupanga Pumwani, ambacho kitakula karibu nusu ya posho watakayokupa ukijifunza. Umeniuliza mara mbili wiki hii nusu itakayobaki utaishi nayo vipi, nami nikajibu "ipo njia," nikageukia sufuria. Halikuwa jibu. Jibu liko humu, lakini lina safari yake. Nivumilie.

Leo ulipokuwa umeenda kwa DC kufuata kibali, Baba Guyo alikuja. Alikaa kwenye kile kiti kinachochechemea, akamaliza chai yote kabla ya kusema lililomleta.

"Shemeji," akasema, "nasikia mtoto wa ndugu yangu anaenda kulipa nyumba Nairobi. Na mimi niko. Watu watasema nini?"

"Watasema analipa."

Akacheka. Unakijua kicheko chake, hata ukiwa umenuna kinakuvuta. "Wewe shemeji, kitabu kimekuharibu. Nyumba yangu ina nafasi. Atalala na wasichana wangu, atakula tunachokula. Asubuhi amsaidie mama watoto kidogo tu, kisha aende kazi yake."

"Kidogo kama nini?"

"Kidogo. Maji. Chai ya watoto. Na kuwafikisha shule, maana ni njia yake hiyo hiyo."

"Na jioni?"

"Jioni amechoka, apumzike. Labda awaangalie wale wavulana hesabu, si yeye amesoma?" Akajisugua goti. "Na Ijumaa huwa nina wageni. Biashara ya mbuzi ni wageni, unajua. Kuna kijana mmoja wa duka, mtu wa watu, haachi swala. Lakini hilo ni la baadaye."

Nikamwongezea chai. Sikumkasirikia, na wewe usimkasirikie. Alikuwa amenisomea kodi yake yote bila yeye mwenyewe kujua kwamba ni kodi. Wakati huu wa vita, ambapo mtu wa huku kwetu akisimama kona ya barabara Nairobi anaulizwa kama yeye ni Shifta, mwasi wa porini, Guyo anafungua mlango wake na hasiti. Roho yake ni safi na kodi yake ni kubwa. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Nitakuambia nilivyoelewa.

Nyanya yako hukumjua akiwa na nyumba kamili. Kwa watu wetu wa ngamia, huko jangwani Chalbi, nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayetafuta miti, anayeipinda ikiwa bado mibichi, anayesuka mikeka na kuifunga juu yake. Wakihama, yeye ndiye anayeifungua na kuipakia mgongoni mwa ngamia. Mume hulala humo kama mgeni anayependwa. Na binti anapoolewa, mama hufungua sehemu ya nyumba yake mwenyewe, miti na mikeka, akampa aanzie maisha. Kwa hiyo ukipita kwenye kijiji cha watu wetu ukaona nyumba ndogo sana, usiharakishe kumhurumia aliye ndani. Huenda ni mama aliyeoza binti zake wote.

Nyumba ya nyanya yako ilikuwa imeshapunguzwa na dada zangu. Mimi nilikuwa nimeletwa mjini utotoni, kwa sababu babu yako alichunga ng'ombe wa karantini hapa Isiolo, akaona watoto wa makarani wakienda shule akataka na wake aende. Nilipoolewa na marehemu baba yako, dereva, mtu wa paa la bati, kila mtu alisema safari hii nyumba ya mama imepona. Yeye hakuona hivyo. Alikuja kutoka kaskazini na ngamia mmoja, akashusha miti iliyopinda na mikeka mbele ya mlango wetu. Baba yako akamwuliza kwa adabu, "Mama, tutaiweka wapi?"

Akasema, "Mimi nimeleta. Mahali ni shauri lenu."

Baba yako alipopata kazi ya lori Nairobi tukaenda nayo. Ulikuwa mgongoni mwangu, hujaota jino. Tulipata chumba cha mwisho katika nyumba ya udongo ya Bi Zena, Pumwani, nyumba yenye ukumbi katikati na uwanja wa nyuma ambapo wapangaji wote walipikia. Uwanja ulikuwa wazi. Mchana jua lilipiga mpaka ukishika mwiko unauachia.

Darmi, nilikuwa msichana mwenye cheti. Nilijua kuandika barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza, nilijua mito ya nchi ambazo sitaziona. Sikujua kupanga ni nini. Tulilipa kodi ya kwanza, na mimi nikadhani, sijui nieleze vipi, nikadhani mambo yamekwisha. Kwamba sasa mahali pale ni petu kama vile mahali pa kupiga kambi panavyokuwa pa aliyepiga kambi, mpaka ahame. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilikuwa nimekuja nayo kama ile miti.

Basi alasiri moja nikaisimamisha nyumba ya nyanya yako katika uwanja wa Bi Zena. Si nyumba nzima, ubavu mmoja tu na mgongo, kivuli cha kupikia. Wanawake wakaja na vigoda vyao. Mama Rehema aliyekuwa akiuza mandazi kwenye jua la barabarani akahamishia karai lake hapo. Nilikuwa mgeni mji ule, sina jamaa wala rafiki, na kwa siku moja nikawa mwenyeji. Nilikaa chini ya mikeka ya mama yangu nikikunyonyesha, nikajiona nimefika.

Bi Zena alikuja kutazama. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, mwenye buibui safi. Akagusa mafundo.

"Kazi ya nani hii?"

"Yangu."

"Mikono yako ina baraka, binti."

Mwisho wa mwezi kodi yetu ikapanda. Nilikwenda kumwuliza mbele ya watu, kosa la kwanza.

"Chumba chako sasa kina jiko lenye kivuli," akasema. "Vyumba vya namna hiyo ni ghali."

"Lakini kivuli ni changu."

"Na ardhi kinaposimama ni ya nani? Ya shangazi yako?"

Wapangaji wakacheka, na hata wale waliokuwa wakikaa kwenye kivuli changu kila mchana walicheka. Kisha nikasikia kwamba Mama Rehema alikuwa ameshaanza kulipia mahali pa karai lake, na anayelipwa ni Bi Zena.

Nyumba yetu hufunguliwa kabla chai haijapoa. Ndivyo ilivyotengenezwa, ifunguke upesi maji yakikauka au adui akionekana. Nilingoja Bi Zena aende arusini, nikaifungua yote, nikaisukuma chini ya kitanda. Aliporudi alisimama uwanjani na hina yake mbichi mikononi.

"Kivuli changu kiko wapi?"

"Changu kimelala chini ya kitanda changu."

"Wee msichana. Unahama na umekaa?"

Mama Rehema alikuwa kwenye karai, jua utosini. Akasema, bila kuinua kichwa, "Mkimaliza kugombana mnijulishe. Mimi hapa ndiye andazi."

Ningecheka wakati ule, mambo yangekwisha. Nilikuwa na nusu ya haki, na mtu mwenye nusu ya haki huwa na hasira nzima. Bi Zena alisema tumalize mwezi tuondoke. Mimi nikasema siwezi kulala tena chini ya paa lake hata usiku mmoja. Baba yako alikuwa safarini. Nilikufunga mgongoni, nikalipia mkokoteni wa kubeba miti yangu, nikaenda kwa binamu wa baba yako, mtu mwenye nyumba nzuri na mke mwema, ambaye tangu tufike Nairobi alikuwa akituambia ni aibu kulipa kodi na yeye yupo.

Sasa soma polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipotaka kukuleta.

Walitupokea vizuri. Chakula kilitosha. Hakuna aliyenitukana wala kunikata jicho. Nilioga wakati wengine wamekwisha kuoga, kwa sababu ndivyo ilivyonipasa. Nilipika kwa sababu mwenyeji wangu alikuwa mjamzito, kisha kwa sababu amejifungua, kisha kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kupika. Wewe ulipolia nilikutoa nje. Walipozungumza jambo ambalo nilikuwa na maoni nalo, nilitazama sinia. Nilianza kutembea polepole ndani ya nyumba ile, kama mtu aliyebeba maji.

Nikapata barua ya kuitwa kwenye mahojiano ya chuo cha walimu. Niliificha kifuani siku kadhaa nikiitoa na kuirudisha. Siku yenyewe ilipofika, wageni wa bwana mwenye nyumba walikuwa wanakuja kutoka Garissa, na mke wake akaniambia usiku uliotangulia, kwa upole kabisa, "Kesho nisaidie, dada, peke yangu sitaweza." Angejua nina mahojiano angesema niende. Mimi sikumwambia. Ningemwambiaje? Nilikuwa nimekula kwao miezi. Kesho yake nilikata vitunguu mpaka saa ya mahojiano ikapita.

Hakuna aliyenikataza, Darmi. Nimetafuta kwa miaka mtu wa kumlaumu na sijampata. Chumba kile kilikuwa cha bure, na nilikilipia kwa mwaka mzima wa maisha yangu, kwa sababu kodi isiyotajwa haina siku ya kulipwa wala siku ya kwisha. Kila asubuhi unaamka unadaiwa, na hujui ni kiasi gani, kwa hiyo unatoa kila ulicho nacho.

Baba yako aliporudi safari iliyofuata nilimwambia nataka kurudi kwa Bi Zena. Akaniangalia kama mtu anayetafuta homa. "Yule aliyekufukuza?"

"Nilijifukuza mwenyewe."

Nilikwenda peke yangu. Bi Zena alikuwa barazani anachambua mchele.

"Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Umerudi na kivuli chako?"

"Kinategemea."

Hapo ndipo alipoinua macho. Nadhani alikuwa hajawahi kusikia neno hilo kutoka kwangu, na hata mimi sikuwa nimewahi kulisikia. Nikamwambia nitasimamisha kivuli uwanjani, na kabla sijakisimamisha tukubaliane. Miti ni yangu na nikiondoka itaondoka. Ardhi ni yake. Mama Rehema atalipa, na anacholipa tutagawana, fungu langu lipunguzwe kwenye kodi. Bi Zena aliendelea kuchambua mchele. Akatoa jiwe, akalitupa. Akasema, "Ungesema haya mwaka jana, mimi nisingekula mandazi mabaya mwaka mzima. Yule mwanamke alihama na karai lake." Tukatuma mtu kumtafuta Mama Rehema siku ile ile.

Mwaka uliofuata niliomba chuo tena, wakaniita tena, na siku ya mahojiano nilifunga mlango wangu kwa kufuli langu, nikamwachia Bi Zena mtoto, nikaenda. Mtoto huyo ni wewe. Alikulisha uji wenye iliki, ukaukataa uji wangu wiki nzima.

Nilidhani kosa langu lilikuwa kujenga kwenye ardhi ya mtu. Baadaye nikaona kwamba hapana, kujenga kulikuwa sawa, nyanya yako hakukosea kuleta miti ile. Kosa langu lilikuwa kujenga kwanza na kusema baadaye. Kwetu mikono ya mwanamke ndiyo husema, akifunga fundo amesema ni lake. Nairobi hawaisomi lugha ya mafundo. Utakapotaka kitu, kitaje kabla hujakigusa, hata kama sauti inatetemeka. Na ukishakitaja wakakubali, kifunge kama tunavyofunga sisi.

Nisikudanganye kuhusu bei. Nilipompelekea Bi Zena salamu kwa dereva, alijibu kwamba kodi si ile ya zamani, Uhuru umeleta watu wengi na vyumba ni vile vile. Alisema pia kwamba wapangaji wengine waliposikia msichana anatoka Isiolo walinung'unika. Akaomba alipwe mbele zaidi ya wanavyolipa wengine, ili awafunge midomo. Nimelipa. Sikupenda, na sikujifanya nimependa. Watu wa huku wanalipa zaidi siku hizi, kwenye nyumba, kwenye nguo, kwenye kila swali linaloanza na "Wewe ni wa wapi?" Ukiulizwa, jibu Isiolo kwa sauti ile ile unayotajia jina lako. Usikimbilie kuwathibitishia kwamba wewe ni mwema. Lipa siku ya kwanza ya mwezi, na siku zinazobaki usimwombe mtu radhi kwa kuwepo. Hicho ndicho tunachonunua kwa nusu ya posho yako, si udongo wa Bi Zena na bati lake. Siku utakayokatisha simu za watu wakubwa kwa kukosea waya, utarudi mahali ambapo unaweza kulia bila mtu kukuuliza chai iko wapi.

Na mwisho wa ujumbe, dereva akaniambia, yule mama mzee alimsisitiza asisahau neno hili: "Mwulize, kivuli kinakuja?"

Sasa nimefika kwenye jibu.

Juzi ulipokwenda kuwaaga walimu wako, mgeni alikuja hapa. Ni muuguzi wa hospitali yetu, anaitwa Kaari, msichana wa Meru, labda amekuzidi wewe miaka michache tu. Hajapata chumba cha kumfaa tangu ahamishwe kuja huku. Alibisha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mkoba kifuani.

"Habari ya hapa, mwalimu. Niliambiwa una chumba."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwa sauti nina chumba. Nilikuwa nimemwuliza jirani tu, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichonunua. Lakini Kiwanjani unaijua, ukiwaza karibu na ukuta umesikika.

Nikamwonyesha chumba chako.

Usikunje uso. Soma. Nilikiona kwa macho yake, kitanda chako, dirisha linalotazama zizi la jirani, msumari wa sare yako ya shule. Akauliza kama usiku kuna shida. Nikamwambia shida ya hapa ni ile ile ya mji mzima, kafyu ikipigwa unakaa ndani na unapunguza taa. Akauliza, akitazama sakafu, kama majirani hawatachukia Mkristo wa Meru kukaa hapa wakati huu. Nikamwambia majirani watanung'unika, halafu mtoto wa mmoja wao atapata homa usiku, na hawatanung'unika tena. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nikafikiri kwamba kuna mwanamke Pumwani ambaye labda atamjibu binti yangu hivyo hivyo.

Tukakubaliana kodi. Kisha akaweka kiganja ukutani, juu ya kitanda chako. "Nikitaka kupigilia rafu hapa, ya vitabu na dawa zangu, itakuwaje?"

Darmi, nilimsikia Bi Zena akiamka ndani yangu. Naapa, maneno yake yote yalikuwa yamejipanga mdomoni, ukuta ni wa nani, rafu ikikaa ni ya nani, chumba chenye rafu ni ghali. Nilishangaa jinsi yalivyokuja upesi, bila hata kutafutwa. Nilimwelewa yule mama kwa ukamilifu ambao sikuwa nao nilipokuwa nikigombana naye. Unamiliki ukuta mmoja na tayari unataka na rafu ya mtu.

"Pigilia," nikamwambia. "Ukiondoka, ondoka nayo."

Atahamia Jumamosi. Atakacholipa kila mwezi nitakutumia kwa dereva, na ukikiongeza kwenye nusu yako iliyobaki utakula, utavaa na utapanda basi siku za mvua. Ile ndiyo njia niliyosema ipo. Huchukui chakula kinywani mwangu, kwa hiyo usifanye kile unachofanya, kujinyima kimya kimya ukidhani sioni.

Baba Guyo nimemweleza kabla hajaondoka. Hakufurahi. Alizungusha kofia yake mkononi. Nikamwambia sitakuamulia, wala yeye asikuamulie, mkifika Nairobi wewe ndiye utakayesema lori lisimame wapi. Akafikiri, akasema, "Akitaka Pumwani nitasimama Pumwani. Lakini nitapiga honi mpaka mtaa mzima utoke, wajue kwamba msichana huyu ana watu wake." Nadhani hiyo ni zawadi bora kuliko chumba. Ukichagua Eastleigh, sitakulaumu, na alicholipwa Bi Zena kiwe sadaka kwa uji ule wa iliki. Ukichagua Pumwani, mwambie Baba Guyo utakuja kwake Ijumaa kula, na uende kweli, ukiwa na sukari mkononi, na unapotaka kuondoka simama uage. Mgeni anaweza kusimama. Kijana wa duka akiwepo, mtazame vizuri, pengine ni mtu mwema, lakini mtazame ukiwa mtu mwenye ufunguo mfukoni.

Hutaniuliza, kwa hiyo nitasema: ndiyo, niliumia. Mchana ule Kaari alipoondoka nilikaa kitandani pako. Niliwaza kwamba watu watasema mama gani anapangisha chumba cha mtoto hata kabla hajaondoka, hata mto haujapoa. Halafu nikainua macho, nikaona miti ya nyanya yako pale juu darini, imefungwa kwa kamba ile ile, inangoja arusi yako. Mwenyewe hakuwahi kuwaambia mabinti wake wangoje. Alifungua akagawa, na ngamia walipoisha katika vita hivi, yeye alikuwa ameshatangulia, nashukuru hakuviona, na alikufa ndani ya nyumba ndogo ambayo mtu mzima aliingia kwa magoti. Sikuwahi kumsikia akilalamika juu ya udogo wake.

Hujaolewa, na sina haraka hiyo. Lakini unatoka, na kutoka ni kutoka. Miti imebaki, kwa sababu sitaki askari wa kizuizini wakuulize fito zilizopinda ni za silaha gani. Mkeka mmoja nimeuzungushia blanketi lako. Ukifungua mzigo utasikia harufu yake ya moshi, usiuanike ukaiondoa. Mwambie Bi Zena kwamba kivuli kimekuja, kipande tu, na kwamba mwenye kivuli ataeleza mwenyewe anataka kukiweka wapi.

Ukija likizo utabisha kwangu kama mgeni na utalala ubavuni mwangu, maana nyumba yangu sasa ni ya chumba kimoja. Akipita mtu aliyelelewa na ngamia, akaona ilivyo ndogo, hatanihurumia. Atajua nina binti, na kwamba ameondoka na fungu lake.

Vaa koti.

Mama yako